Mama Riziki wa Jumamosi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipakwa unga wa muhogo kichwani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na stesheni ya televisheni ya Kindu ilikuwa ikitafuta mwanamke wa miaka sitini. Fundi wa mapambo hakuwapo. Aliyenipaka alikuwa karani wa ofisi, naye alinipaka kama mtu anayeandaa samaki wa kukaanga. Kabla ya adhuhuri jasho lilikuwa limeshuka na unga umeanza kugeuka uji kwenye masikio yangu. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya mchezo wa televisheni, kazi niliyoifanya mpaka nywele zikawa nyeupe zenyewe.

Sikuwa nimeiomba. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili kule Kasuku, mtaa wa Kindu. Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimekwenda stesheni kupeleka tangazo la kifo cha baba yangu, maana redio na televisheni zilikuwa chini ya paa moja na ndugu zetu wa Kibombo walisikiliza redio. Mlinzi wa mlango akaniambia nirudi kesho. Nilimgombeza hadi watu wakatoka ofisini. Mmoja wao alikuwa mwanamume mfupi mwenye miwani, penseli sikioni.

"Huyu mama njo nani?" akauliza. Kwetu "njo" ni "ndiye".

"Analeta tangazo la kifo, Shefu."

"Mupokee tangazo. Halafu mumuulize kama anaweza kugombana hivi kila wiki."

Huyo alikuwa Shefu wa Michezo, mtu wa pili kwa cheo baada ya Mkurugenzi. Mkurugenzi tulimwona mara chache, akipita na funguo zake. Shefu ndiye aliyetuongoza. Yeye ndiye aliyetunga hadithi, akachagua watu, akasimama nyuma ya kamera, na wakati mwingine akafagia ua kabla ya kupiga picha.

Mchezo wetu uliitwa Nyumbani kwa Mzee Sabiti. Ulionyeshwa kila Jumamosi alasiri. Mimi nilikuwa Mama Riziki, mke wa Mzee Sabiti, mama mkwe mwenye ulimi mkali aliyemtesa mke wa mwanawe. Mume wangu katika mchezo alikuwa Papa Ramazani, fundi cherehani mwenye duka karibu na soko la Kasuku. Alinizidi miaka ishirini hivi. Nje ya mchezo alikuwa mtu wa sauti ya chini, wa kusalimia hata watoto kwa kuinama kidogo, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akimtukana mtu.

Siku hiyo ya kwanza, Shefu alipopiga kelele "Haya!" mimi niligeuka nikaitazama kamera.

"Mama, usiangalie kamera. Kamera haiko muntu. Angalia bwana yako."

"Bwana yangu haiko hapa," nikajibu, na ilikuwa kweli, kwa sababu baba wa binti yangu alikuwa amepanda treni ya Lubumbashi na hakuwahi kuandika hata barua.

Wote wakacheka, isipokuwa Papa Ramazani. Alisogeza kiti chake karibu, akaniambia polepole, "Mama, weye unigombeze tu mimi. Nitakuangalia. Utasahau ile mashini."

Nikamgombeza. Nikaisahau ile mashine.

Ninyi mnaocheza leo hupewa karatasi yenye kila neno. Sisi tulikuwa na kanva. Kanva ni mifupa ya hadithi bila nyama. Shefu alisema, "Leo Mama Riziki anakuta mukwe wake amepika wali bila kumuuliza," basi, maneno tukayatafuta wenyewe kamera ikiwa inakimbia. Kamera ilikuwa moja, kubwa, ya kubebwa begani, na mpiga picha wetu bega lake la kulia lilishuka chini kuliko la kushoto. Mtu wa sauti alishika maikrofoni kwenye fimbo ndefu juu ya vichwa vyetu, na mkono wake ukichoka fimbo ilishuka ikatugonga.

Kisha kulikuwa na kitu tulichokiita rakori, yaani picha ya leo kushikana na ya jana. Kama Jumanne umepigwa picha ukibisha mlango umefunga kitenge cha ndege, Alhamisi unapoingia ndani ni lazima uwe na kitenge kile kile, fundo upande ule ule. Niliwahi kuingia mlangoni na hereni moja nikatokea upande wa pili na mbili. Jumamosi mji mzima ulicheka. Shefu hakucheka. "Wananchi wanatuamini," alisema, "na weye unawachekesha na masikio."

Kanda zilikuwa chache mno. Mchezo ukishaonyeshwa mara moja, kanda yake ilifutwa ili tupigie mwingine juu yake. Vijana huniuliza wapi wanaweza kuuona. Hawawezi. Uko vichwani mwa watu wa rika langu, nao wanapungua.

Lakini wakati ule! Mtu mwenye televisheni aliitoa uani, akaiwasha kwa betri ya gari, na mtaa mzima ukaketi kwenye mikeka. Sokoni Kasuku mama mmoja alikataa kuniuzia sombe, yaani kisamvu. "Mukwe wako analala njaa, na weye unakuja kununua sombe?" Kwenye mtumbwi wa kuvuka mto Lualaba kwenda Alunguli, nyumbani kwa mama yangu, wanawake walibanana upande mmoja ili wasikae nami, mpaka mpiga kasia akawaomba warudi kabla hatujapinduka. Nilikuwa nikilalamika. Papa Ramazani aliniambia, "Wakianza kukusalimia vizuri, mama, ujue tunafanya kazi mubaya."

Binti yangu Feza alizaliwa mwaka mmoja kabla sijaanza kazi hiyo, kwa hiyo alikua na mama wawili. Ikifika Jumamosi alikaa mkekani akinitazama ninavyogombana kwenye sanduku, kisha anageuka kunitazama nikiwa nimekaa pembeni yake nachambua mchele. "Mama, kule umekasirika sana," alisema. "Ni mchezo, Feza." "Na hapa?" "Hapa hapana." Jibu hilo lilimtosha.

Vita vilipofika Kindu, Feza alikuwa na miaka minane. Stesheni ilifungwa kwa muda, kisha wakubwa wapya, waliokuja na bunduki, wakataka ifunguliwe. Nadhani walipenda mji uonekane mtulivu. Shefu alikubali kwa sharti moja, kwamba hakuna askari atakayeingia uani tukipiga picha, na cha ajabu walimkubalia. Tuliendelea kwa jenereta, saa mbili tu kila Jumamosi. Treni hazikuja tena. Sabuni ilikatwa vipande vidogo kama vya dawa, chumvi ilikuwa ya kuoneshana. Lakini Jumamosi watu walikaa mkekani.

Siku moja ya Alhamisi niliitwa Alunguli. Mama yangu alikuwa na homa. Nilimwacha Feza Kasuku kwa dada yangu Sifa, nikamwambia nitarudi kesho jioni, nikavuka mto na kifurushi kidogo cha mchele. Asubuhi yake risasi zilianza. Kabla ya jua kuwa kali mitumbwi yote ilikuwa imezuiliwa. Askari walisimama upande wa pili, na mtu aliyejaribu kuvuka alipigwa risasi.

Lualaba pale si mpana kiasi cha kutoona ng'ambo. Kwa siku nne nilishuka ukingoni. Niliwaona watu wa Kasuku wakichota maji, niliona rangi ya vitenge vyao, lakini sura sikuweza kuitambua hata moja. Nilihesabu watoto. Siku ya tano mapigano yaliingia Alunguli yenyewe, nikamshika mama yangu mkono, tukafuata watu waliokuwa wakikimbilia msituni kwa njia ya Pangi.

Tulikaa huko miezi minane. Tulilala katika vibanda vya wakulima, tukala muhogo usiokomaa na majani ambayo mama aliyajua kwa majina ya kabila letu. Mwezi wetu wa tatu huko mama alikufa. Tulimzika mimi na wanawake wawili niliokutana nao njiani, kwa jembe lililovunjika mpini. Hakukuwa na redio ya kumtangaza. Nilisema jina lake kwa sauti mara tatu pale pale, kwa sababu niliona vibaya aende bila kutangazwa.

Yaliyotokea Kasuku nyuma yangu niliyasikia baadaye, nami nayaeleza jinsi nilivyoelezwa.

Watazamaji walianza kuuliza Mama Riziki yuko wapi. Shefu akamfanya Mzee Sabiti aseme mkewe amesafiri Kibombo kwa ndugu. Wiki zikapita. Kisha mtu mmoja aliyetoka njia ya Pangi alifika mjini akasema ameuona mwili wangu kando ya kijito, na kwamba alinitambua, kwa maana nani Kindu asiyeijua sura ya Mama Riziki? Hakuwa mwongo. Alimwona mwanamke aliyekufa, na sura aliyoijua ni ya mwanamke mwenye unga kichwani. Shefu alimhoji mara mbili, akaamini. Dada Sifa akaamini.

Hapo Shefu akaamua kufanya matanga katika mchezo. Walitandika mikeka kwenye ua wa Mzee Sabiti, yaani ua wa stesheni, wakaleta barua ya msiba, Mzee akaisoma. Papa Ramazani aliisoma mistari miwili akashindwa. Alivua kofia yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya kamera, akalia. Shefu hakusema "Kata!" Kamera iliendelea mpaka kanda ikaisha.

Jumamosi ile ilipoonyeshwa, wanawake walitoka mitaani wakaja stesheni na mikeka yao. Hata yule wa sombe alikuja. Na binti yangu alikaa uani kwa Dada Sifa, kitambaa cheupe kichwani, akatazama watu wakimlilia mama yake kwenye sanduku lile lile ambalo nilimfundisha kuwa ni la mchezo.

Njia zilipofunguliwa, nilirudi. Nilivuka na mtumbwi wa kwanza wenye nafasi. Kwenye gati la Kasuku muuza samaki mmoja aliniona, akaacha karai lake akakimbia akipiga mayowe. Watu wakanifuata kwa mbali, hakuna aliyenigusa. Nilikuwa nimekonda, miguu imevimba, nami sikujua kwa nini wananitazama vile. Nilifikiri ni kwa sababu ya nguo zangu.

Dada Sifa aliponiona alianguka chini. Feza alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Nilifungua mikono. Hakuja.

"Feza, njo mimi."

Alinitazama kwa muda mrefu. "Njo weye mama, ao njo Mama Riziki?"

"Niko mama yako."

"Kwenye televizio pia unasemaka vile," akasema, na akaingia ndani.

Kwa wiki nzima hakula chakula nilichopika. Alikubali kukaa chumba kimoja nami, lakini mgongo ukutani, macho wazi. Dada Sifa ndiye aliyenieleza habari za matanga. Asubuhi iliyofuata nilikwenda stesheni, na yule mlinzi wa mlango alikimbia kabla sijafungua kinywa.

Shefu alikuwa ndani, amezeeka. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Sikumpa nafasi.

"Mulinizika mbele ya mutoto wangu!"

"Mama, tulijua umekufa."

"Basi mungelia nyumbani kwenu. Kwa nini kwenye kamera?"

Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Kwa sababu hatukukuwa na mwili," alisema. "Hatukukuwa na kaburi. Tulikuwa na ile kamera tu. Tulikufanyia matanga na kitu tulichokuwa nacho."

Nilitoka bila kuaga. Nilikwenda dukani kwa Papa Ramazani. Alikuwa ameinamia cherehani, akaacha kukanyaga. Kisha: "Ile siku, mama, sikucheza." Akarudi kushona, na nilimwona hatazami kitambaa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wa kazi yetu huniuliza zaidi, kwa nini Mama Riziki hakurudi.

Mwanzoni nilitaka arudi. Shule ilikuwa imefungwa, na kazi niliyokuwa nayo ilikuwa ile. Hasira yangu ilipopungua nilimwambia Shefu hivyo. Tungesema barua ya msiba ilikuwa ya uongo, Mama Riziki anarudi kutoka Kibombo, anaanza kugombana na mkwewe mlangoni. Shefu alifurahi. Akaandika kanva siku hiyo hiyo.

Lakini tangu niliporudi, watu walikuwa wakija kwa Dada Sifa. Walikuja asubuhi, walikuja mchana, wakasimama nje ya uzio mpaka nitoke. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka kwa wafu, basi walidhani naweza kuwa na habari. Mama mmoja wa mtaa wa Mikelenge alikuja mara tatu. Aliniletea mayai mawili, wakati mayai yalikuwa hayaonekani.

"Mama Riziki, kule ulitoka, haukuona mutoto wangu Asumani? Ana kovu hapa, kwa kidevu."

"Sikumuona, mama."

"Walisema alikufa. Lakini na weye walisema ulikufa."

Alipoondoka nilikaa na yale mayai mapajani. Nilifikiria Jumamosi ijayo, uani kwao, Mama Riziki akibisha mlango na ndege zake kwenye kitenge, na yule mama kwenye mkeka akigeuka kutazama mlango wake mwenyewe. Na Jumamosi nyingine. Na nyingine.

Nilikwenda kwa Shefu. Nilimwambia, "Mumuache amekufa."

"Mama, watu wanamupenda. Na weye utafanya kazi gani?"

"Sijue. Lakini yeye abaki kule."

Alichana kanva mbele yangu, vipande vinne, bila kubishana. Nadhani na yeye alikuwa na mtu wake aliyepotea. Sikuwahi kumuuliza.

Ilikuwa kama kufiwa mara ya pili, siwezi kuwaficha. Mama Riziki alikuwa amenilisha na kunichekesha, na alisema mambo ambayo mimi sikuthubutu kuyasema. Wiki moja baadaye Shefu alinitumia mtu: njoo ushike rakori. Tangu siku hiyo nilikaa nyuma ya kamera na daftari, nikiandika nani alikuwa na hereni ngapi.

Siku ya kwanza ya kazi hiyo mpya nilikwenda na Feza. Nilitaka aone kwa macho yake. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mwigizaji aliyecheza mkwe wangu alilia mpaka kamasi, Shefu akasema "Kata!", na mara ile ile yule mwigizaji akainuka akaomba karanga. Feza alimtazama akitafuna. Kisha akaenda mpaka kwa Papa Ramazani.

"Papa, ile siku ya matanga, na weye ulilia namna ile? Ya mchezo?"

"Hapana, mwanangu. Nililia ya kweli."

"Ulisadiki amekufa?"

"Nilisadiki."

"Basi na weye walikudanganya."

"Na miye," akasema, akainama kidogo kama kawaida yake.

Feza aliwaza. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, karibu na kituo cha treni, alishika ncha ya kitenge changu. Sikugeuka, niliogopa ataiachia. Tulitembea hivyo mpaka mlangoni. Siku hiyo alikula.

Mzee Sabiti aliendelea miaka michache baada ya vita, mjane mwenye busara, mpaka Mkurugenzi mpya akaufunga mchezo akitaka vipindi vya muziki. Shefu alihamishiwa mji mwingine, akafia huko. Mimi nilihamia redio, nikafundisha michezo ya sauti, ambamo mlango ni kipande cha ubao na mvua ni mchele kwenye ungo. Baadaye nilirudi televisheni kuwafundisha waigizaji wapya, na siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Papa Ramazani alikuja kwa pikipiki, amemshika dereva kiuno kwa mikono miwili. Alifariki mwaka uliofuata. Nilikaa mkekani na wanawe siku zote za matanga, nao waliniita mama.

Sasa naishi Alunguli, kwenye kiwanja cha mama yangu. Nalima matembele na mahindi kidogo. Vijana wa hapa hupiga michezo kwa simu. Hawana fimbo ya maikrofoni, hawana kanda, na kila walichopiga kinabaki. Rakori hawaijui, na nimewaambia. Lakini wanapogombana mbele ya ile simu naona wanaangaliana machoni, na hilo ndilo gumu kulifundisha.

Kuna siku mmoja huniuliza kama ni kazi ya kweli, kujifanya mtu mwingine. Nami humwambia ni kazi nzito kuliko anavyodhani, kwa sababu anayekutazama anakukabidhi macho yake, na hujui ana nani anayemsubiri nyumbani. Ucheke naye, umkasirishe, umlize. Lakini jiulize kwanza utamwacha na nini.

Mwezi uliopita walikuja kuniomba nicheze bibi anayekufa. Si muda mrefu, walisema, nilale tu kitandani, niseme maneno machache, nifumbe macho. Hawakuhitaji unga wa muhogo. Nilikubali. Tulipiga asubuhi moja, nikafa mara tatu kwa sababu mbuzi wa jirani alilia mara mbili.

Walipokwenda, kabla hata sijavua kile kitenge, nilimpigia Feza. Ni muuguzi mjini Kalima, ana watoto wake.

"Feza, Jumamosi hawa vijana wataonyesha mchezo kwa simu. Utaniona nakufa. Niko muzima. Nimekula wali, nimeshiba."

Alicheka. "Mama, niko na miaka karibu makumi ine. Najua."

"Nilitaka tu ujue mbele."

"Najua, mama."

Nikasikia watoto wake nyuma, na chombo kikianguka, na yeye akiwanyamazisha. Kisha akarudi kwenye simu, sauti imeshuka.

"Lakini Jumamosi yenyewe upige tena."